Viti Sita na Mgeni wa Mradi

Miono, 8 Januari 2024

Kwa mwanangu Sufiani Mikidadi,

Assalaam alaykum warahmatullah. Sisi huku wazima, tunapumua, tunachokipata tunakila na Mungu tunamshukuru. Ngedere wamemaliza mahindi ya bondeni, wamebakiza mabua tu. Batuli, binti wa marehemu dada yangu, amejifungua Ijumaa mtoto wa kiume, wamempa jina la baba yako. Analia kama baba yako alivyokuwa akidai chakula. Mkeo Zuhura hajambo? Na mtoto? Wasalimie sana.

Usishangae kuona barua zama hizi. Simu yangu imekufa, na simu ya jirani yangu Somoe haisikiki mpaka uweke ile sauti ya nje. Ukizungumza nayo, kitongoji kizima kinaitikia, na hili ninalotaka kukwambia sitaki liitikiwe. Barua nampa Issa, kondakta wa basi la asubuhi. Ukikuta bahasha imefunguliwa na kugandishwa tena kwa ugali, niambie, mimi na Issa tutajuana.

Sasa nisikilize. Jicho langu la kulia limeziba kabisa. La kushoto nalo linamfuata mwenzake, ndiyo maana unaona naandika kwa kalamu nene na mistari inapanda kilima. Kituo cha afya wamesema ni mtoto wa jicho, dawa yake ni kupasuliwa hospitali kubwa. Mwenye kadi ya mradi anapasuliwa bure. Asiye na kadi, shauri yake.

Desemba tulikuwa na mkutano wa kitongoji. Mradi ulikuja na kadi zake za matibabu kwa kaya maskini, wakatuambia nafasi ni ishirini na mbili. Ishirini na mbili, Sufiani, katika kitongoji ambacho ukimtafuta tajiri utarudi na kiu! Basi tukakaa chini tukashindana umaskini hadharani. Fulani ana mbuzi, mtoeni. Fulani ana mtoto Dar, mtoeni. Lilipotajwa jina langu watu wote waliinua mikono, hata wale tusiosalimiana. Niliona aibu, nikajitanda kanga mpaka machoni, ila moyoni nilishukuru. Baada ya wiki akaja msichana wa mradi, Shufaa jina lake, akapita nyumba kwa nyumba na fomu.

Juzi orodha imebandikwa ofisi ya kijiji. Nimeisogelea mpaka pua ikagusa karatasi. Mimi simo. Somoe yumo. Somoe mwenye mabati! Somoe mwenye mtoto wa bodaboda! Basi nimekaa nawaza. Watu wa kitongoji waliinua mikono, orodha imetoka haina jina langu, kwa hiyo katikati pale kuna mtu. Bilali, mwenyekiti wetu wa kitongoji, siku hizi anakula mchana kwa Somoe. Sisemi kitu, nakueleza tu ninachokiona kwa hili jicho moja.

Wewe uko Bagamoyo, karatasi zote zinakwenda huko, na watu unajuana nao. Nitafutie nani kanifuta. Usipige simu.

Ni mimi shangazi yako,
Zuwena binti Shuaibu


Bagamoyo, 2 Februari 2024

Shangazi yangu mpenzi,

Shikamoo. Waalaykum salaam. Barua yako nimeipata, bahasha haikuguswa, Issa msamehe. Nimechelewa kujibu kwa sababu ya mihangaiko, na mtoto alipatwa na homa siku nne, sasa anacheza. Zuhura anakusalimu sana, anasema ile mbegu ya mchicha uliyompa imeota kwenye ndoo. Hongera za mtoto wa Batuli. Nimefurahi kusikia jina la baba limerudi nyumbani.

Mimi mwenyewe namshukuru Mungu, nimepata kibarua cha kuandikaandika ofisini. Si kitu kikubwa.

Habari ya jicho imenitia uchungu, sikuwa najua. Mbona hukusema mapema? Nakuletea miwani ya jua upunguze mwanga, na kilo mbili za sukari.

Kuhusu orodha nimeulizauliza. Ninavyoambiwa, majina hayafutwi na mtu wa kijijini. Fomu zinaingizwa kwenye kompyuta, kompyuta inapiga hesabu zake, inatoa majibu. Kwa hiyo Bilali humo hayumo, na Somoe pia hayumo. Tusije tukabeba dhambi za watu bure.

Ila nikuulize kitu kimoja, Shangazi, na usinielewe vibaya. Vile viti sita ni vya nani? Na kile kitanda cha chuma?

Wako,
Sufiani


Miono, 15 Februari 2024

Kwa Sufiani,

Waalaykum salaam. Marahaba. Sukari imefika. Miwani imefika. Nimeivaa, nikampita mzee Dadi njiani nikamwamkia, "Habari za asubuhi, mwanangu." Mzee wa miaka themanini! Sasa anasema nimeota kiburi kwa kuvaa miwani. Haya, mtoto amepona, alhamdulillah.

Viti sita umeviona wapi?

Nauliza tena, nijibu kwa kituo. Mimi kwenye barua yangu sikuandika kiti. Sikuandika kitanda. Nilijisomea mwenyewe barua nzima ya kwanza kabla sijaifunga, na neno kiti halikuwamo. Wewe hujakanyaga Miono tangu arobaini ya baba yako. Basi viti vyangu vimekufuata Bagamoyo kwa miguu yao minne minne?

Nilidhani kwanza Somoe amekupigia. Nikamwendea, nikamwuliza huku namkazia hili jicho la kushoto. Ameapa hana hata namba yako. Somoe akiapa huwa anatazama pembeni, lakini mimi sasa hivi siwezi kujua anatazama wapi.

Kwa hiyo umeiona fomu yangu. Na fomu haiko sokoni, iko ofisini kwa mradi. Hicho kibarua cha kuandikaandika ni ofisi gani, Sufiani? Mbona hukuitaja? Mtu akipata kazi ya halali anaitaja na jina la bosi wake, na rangi ya mlango anaitaja. Wewe umeiandika kama mtu anayepita nyuma ya nyumba.

Viti ni vya nyumbani. Kitanda ni cha nyumbani. Kila kilichoonekana kwangu ni cha kwangu, na atakayesema vingine aje aseme hapa.

Jana nimetia magadi kwenye uji nikidhani ni sukari. Ndipo tulipofika.

Shangazi yako


Bagamoyo, 20 Machi 2024

Shangazi yangu,

Shikamoo, na Ramadhani karimu. Mungu azipokee funga zetu. Nimechelewa tena, naomba radhi. Nimeandika mara tatu nikachana.

Ni kweli. Kibarua changu ni kwenye ofisi ya mradi huohuo. Naingiza fomu kwenye kompyuta, tupo watano chumba kimoja. Mkataba wa miezi sita. Sikutaja kwa sababu tumekatazwa kuzungumzia fomu na watu wa nje, na wewe ungenitaka nizungumze.

Fomu yako nimeisoma. Nakunakilia alivyoandika Shufaa, neno kwa neno: "Viti vya plastiki sita. Kitanda cha chuma na godoro nene. Thermosi mbili. Sahani za udongo ishirini na nne. Siku ya ziara kaya ilipika wali na kuku. Mhojiwa anasema hapungukiwi na kitu. Maoni: kaya ina uwezo." Kila kitu kina alama zake, Shangazi. Sahani ishirini na nne peke yake zimekupandisha ngazi.

Chini kuna mambo mengine madogo, hayana uzito.

Mimi nilikulia kwenye nyumba hiyo tangu nina miaka saba. Naijua. Tulikuwa na sahani tano na moja ina ufa. Kama vile vitu si vyako, sema. Rufaa zinapokelewa mpaka mwisho wa Aprili. Andika mstari mmoja tu kwamba vitu vile viliazimwa, utie dole gumba au saini, umpe mtendaji wa kijiji. Mstari mmoja unatosha. Nakusihi, jicho lisiende kwa ajili ya viti.

Mwanao,
Sufiani


Miono, 29 Machi 2024

Mwanangu Sufiani,

Marahaba, na kwako Ramadhani karimu. Leo ni Ijumaa, nimefunga, na aliyefunga hasemi uongo, kwa hiyo umenishika siku mbaya.

Viti si vyangu.

Bilali alipita na kipaza sauti: kesho anakuja mgeni wa mradi, kila mama awe nyumbani. Mgeni! Kutoka Bagamoyo, kwa gari, mtoto wa watu aliyesoma. Ulitaka nimkalishe kwenye kinu? Ulitaka akirudi kwao aseme Miono nilikwenda nikapewa maji kwenye kopo la mafuta? Nyumba hii bibi yako hakuwahi kumwacha mgeni atoke bila kula, hata mwaka ule wa njaa ya muhogo mchungu. Tukipungukiwa tunapungukiwa sisi, ndani, mlango umefungwa. Mgeni anapata sitara yake na sisi tunapata yetu.

Vyombo ni vya chama chetu cha kuzikana. Viti, sahani, thermosi, vyote vinawekwa kwa Somoe kwa sababu ana mabati, havinyeshewi. Somoe mwenyewe alivibeba viti kichwani, safari tatu. Kitanda ni cha Batuli, alikuwa kwa mumewe anasubiri kujifungua. Kuku alikuwa wangu, tena mtetea, ndiye peke yake niliyekuwa naye. Shufaa alikula akashukuru. Akaniuliza, "Bibi, kuna siku mnalala bila kula?" Sasa mtu anakuuliza hivyo huku anatafuna kidari cha kuku wako, wewe utamjibu nini? Nikamwambia sisi hatupungukiwi na kitu, karibu tena. Akaandika.

Niliona anaandika sana, nikafurahi. Nikadhani anaandika ukarimu.

Na sasa sikiliza hili maana ndilo limeninyima usingizi. Alipotoka kwangu alikwenda kwa Somoe. Huko alikuta nini? Hakuna kiti, kimekuja kwangu. Hakuna sahani, iko kwangu. Amemkuta Somoe amekaa chini kwenye mkeka uliotoboka, anakula muhogo wa kuchemsha, na mtoto wake yuko Chalinze na pikipiki. Ndiyo maana yumo! Umaskini una mtihani wake, mimi nimefeli, na Somoe amefaulu kwa kuniazima kalamu. Lakini najiuliza, je, alijua? Mbona alikuwa mwepesi hivyo kubeba viti juani? Safari tatu, na mgongo unamuuma kila siku ya kupalilia. Nikimwuliza anasema, "Zuwena, uliniomba mwenyewe." Kweli nilimwomba. Bado najiuliza.

Rufaa nimeiandika. Mstari mmoja, kama ulivyosema. Niliona aibu mbele ya mtendaji kuliko siku ile ya mkutano, maana kuwa maskini ni kudra ya Mungu, lakini hii nimeandika kwamba nilimdanganya mgeni.

Kisha nijibu. Hayo mambo mengine madogo yaliyoandikwa chini ni yapi? Jicho la kushoto bado linaona maandishi madogo.

Shangazi yako,
Zuwena


Miono, 3 Mei 2024

Kwa Sufiani Mikidadi,

Assalaam alaykum. Idd imepita hukuandika. Nilimuuliza Issa kila asubuhi mpaka akawa ananiona kwa mbali anapunga mkono kwamba hakuna. Batuli na mwanawe wazima. Mvua ni nyingi, mpunga umekaa vizuri. Naandika haya nikiwa nimeweka rula chini ya mstari, nikiinua mkono sirudi mahali pangu.

Watu wa rufaa walikuja Jumanne. Tulikusanyika uwanja wa shule. Mkubwa wao alisoma maelezo yangu ya viti mbele ya watu wote. Watu walicheka, si kwa ubaya, maana nusu yao siku ile walikuwa wameazima masufuria. Somoe akasimama bila kuitwa, akasema, "Viti nilivibeba mimi, shingo inaniuma mpaka leo." Yule bwana akasema sawa, viti tumevisamehe. Nikasema alhamdulillah, nikataka kukaa.

Akasema, "Subiri, mama." Akafunua ukurasa wa pili.

Akasoma. "Msaada wa ndugu: upo, kila mwezi. Aliyethibitisha: Sufiani Mikidadi, mtoto wa kaka wa mhojiwa, mwajiriwa. Saini yake hii hapa."

Nilikuwa bado nimesimama. Uwanja mzima ukanigeukia. Wanajua, Sufiani. Hakuna mtu pale asiyejua kwamba tangu uondoke ulichonitumia ni salamu, na hizo kilo mbili za sukari mwaka huu. Wanajua nilikubeba mgongoni mpaka zahanati ya Mandera ulipoumwa degedege. Walikuwa wanangoja niseme.

Bilali akaniuliza, taratibu sana, "Bi Zuwena, kweli au si kweli?"

Ningesema si kweli, ningekuwa na kadi mkononi saa ileile. Na wewe ungekuwa nani? Ungekuwa mwongo uliyemtupa mzazi wako, umesomwa kwa jina, mbele ya watu waliomzika baba yako. Usingeweza kurudi Miono hata kwa jeneza.

Nikasema, "Kweli. Mwanangu ananitunza."

Yule bwana akapiga mstari. Nilisikia kalamu. Somoe alivuta pumzi kama mtu aliyejigonga kidole, na tangu siku hiyo hajanisemesha neno.

Sasa niambie kitu kimoja tu. Ni nani aliyekutuma? Ni bosi wako? Alikutisha na mkataba? Au kuna mtu wa huku alikulipa? Taja jina. Usiniambie ni wewe mwenyewe kwa akili yako, maana hilo sitalikubali.

Zuwena


Bagamoyo, 24 Mei 2024

Shangazi yangu, mama yangu,

Shikamoo. Zuhura na mtoto wazima. Habari nyingine za nyumbani naziacha, nikianza nazo nitajificha humo nisitoke.

Hakuna aliyenituma.

Fomu za Miono zilifika nikiwa na wiki mbili kazini. Nilikuwa nimevaa shati jipya na kitambulisho shingoni. Kabla ya hapo, miaka mitatu nilikuwa nakaanga samaki sokoni, harufu haitoki hata kwa limau, na pale ofisini sikumwambia mtu. Msimamizi alikuwa anagawa fomu huku anasoma majina kwa sauti. Akasema, "Zuwena Shuaibu wa Miono. Sufiani, huyu si wa kwenu?" Wenzangu wote wakageuka. Mmoja akasema kwa utani, "Kumbe na ninyi mmo kwenye orodha ya maskini!" Wakacheka. Nami nikacheka. Nikasema, "Nani, huyo? Huyo hana shida, namtunza mimi kila mwezi." Msimamizi akanisogezea fomu, "Basi thibitisha hapa." Nikatia saini huku bado nacheka.

Ndivyo ilivyokuwa. Haikufika dakika mbili.

Wallahi jicho nilikuwa silijui. Lakini barua yako ya Januari ilipofika nililijua, na siku ileile ningeweza kwenda kufuta. Sikwenda. Nilikwenda kuitafuta fomu yako nione kama kuna sababu nyingine, na nilipoviona vile viti nilifurahi, Shangazi. Nilisema alhamdulillah, basi si mimi peke yangu. Ndiyo maana nilikuuliza habari za viti kabla sijakuuliza chochote. Nilikufanya ujieleze wewe, ukajivua sitara mbele ya mtendaji, nami nimekaa na yangu mfukoni. Nilijiambia viti vikisamehewa hakuna atakayefunua ukurasa wa pili.

Umesema "kweli". Nimesoma neno hilo nikatoka nje ya nyumba. Zuhura akaniuliza nani kafa.

Juzi nimekwenda kwa msimamizi nikamwambia nilitia saini ya uongo, naomba ifutwe. Wameifuta. Wameniambia orodha ya mwaka huu imefungwa, jina lako litaangaliwa tena mwakani. Na mimi wamenirudisha nyumbani kwa sababu mtu haruhusiwi kugusa fomu ya ndugu yake. Wana haki. Jana nimerudi sokoni kwenye karai langu la mafuta.

Sikuombi msamaha kwa barua. Nataka kuja Miono nisimame pale uwanjani niseme, "Shangazi yangu alisema uongo kwa ajili yangu. Sikumtunza." Niambie nije lini, au uniambie nisije.

Sufiani


Miono, 6 Juni 2024

Kwa Sufiani,

Waalaykum salaam. Marahaba. Mwandiko huu si wangu. Jicho la kushoto nalo limekwisha, lilikwenda siku chache baada ya barua yangu ya mwisho, nikiamka naona weupe tu kama niko ndani ya gunia la unga. Anayeandika ni Somoe. Nimemwambia aandike kila ninalosema, hata ninayomsema yeye, na akimaliza Batuli atanisomea nihakikishe.

Barua yako ilipofika niliikumbatia siku nzima nikitafuta mtu wa kunisomea. Batuli alikuwa shamba. Ikawa hakuna mwingine ila huyuhuyu. Ameisoma kwa sauti, mlangoni kwangu, kuanzia shikamoo mpaka jina lako, na sauti yake unaijua. Kwa hiyo yale niliyoyaficha uwanjani yamesikika mpaka kwa mzee Dadi. Nilitamani ardhi ipasuke. Nililia, Sufiani. Nimekulilia wewe na kukulaani na kukuombea, vyote kwa pumzi moja, hata sijui Mungu alisikia lipi.

Somoe alipomaliza alisimama. Akakunja barua, akaondoka. Nikajua huyo amekwenda kutangaza.

Kumbe alikwenda kwa Bilali. Kadi yake inahesabu wanaolala chini ya paa moja, na mtoto wake wa bodaboda amehamia Chalinze moja kwa moja, ameoa huko. Nafasi yake ipo wazi. Somoe akamwambia Bilali, mwandike Zuwena kwangu. Bilali akasema siandiki mtu hewa, ahamie kweli, alale, apike, nimwone. Basi jioni ile Somoe akaja na mkokoteni.

Nimemwuliza, unataka nini kwangu? Shamba? Nyumba? Kuna kitu ulikula na sasa unalipa? Viti ulivibeba kwa nini siku ile? Akaingia jikoni. Amebeba sufuria zangu mbili na kinu. Nipo kwake siku ya tisa leo, nalala chumba cha mwanawe, na kila usiku namsubiri aseme anachotaka. Bado hajasema. (Nami Somoe naandika hili kwa hiari yangu: anakoroma, na anakagua chumvi ya kila chungu ninachopika. Sitaki shamba lake, lina ngedere.)

Hayo aliyoandika hapo katikati mimi sikuyasema. Batuli ameingia sasa hivi, ameyasoma.

Siku ya kuhesabiwa kwa Somoe, karani wa mradi aliniuliza, "Bibi, wewe unategemea nani?" Niliinua uso, Sufiani. Nilikuwa tayari kutaja jina lako tena, mdomo ulishafunguka. Somoe akajibu kabla yangu, "Ananitegemea mimi." Karani akaandika, na hakuna aliyecheka.

Jumatatu Somoe ananipeleka hospitali. Wanaanza na jicho la kushoto. Daktari amesema kitambaa kitakaa siku moja, kisha wataona.

Uwanjani usije kusema kitu, hao wameshasikia. Utakuja kusema hapa, mlangoni kwa Somoe, mimi nimekaa. Usije kabla ya Jumatatu. Usije Jumatatu yenyewe. Ngoja wafungue kitambaa kwanza, maana nataka nikuone unavyosema.

Shangazi yako,
Zuwena binti Shuaibu